Barua Zilizobaki Ndani ya Kompyuta Iliyokufa

Umeme ukikatika Same saa nane mchana, hakuna anayeshtuka. Wenye steshenari hutoka nje kutafuta kivuli, maana joto la tambarare chini ya Milima ya Upare si la mchezo, na wenye kazi ofisini husubiri. Balaa lenyewe huja umeme unaporudi. Hurudi kwa kishindo, au hurudi na kukatika tena mara mbili tatu ndani ya dakika moja, na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba hukipokea kipigo hicho kifua wazi. Ikiwashwa, skrini inabaki nyeusi, na juu yake mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema kwamba diski haionekani.

Mwenye kompyuta hulilia picha kwanza, kisha hesabu, kisha mihtasari ya vikao. Barua pepe hukumbukwa nyuma kabisa, pengine baada ya wiki, pale mtu wa Moshi au Dar es Salaam anapopiga simu na kuuliza mbona makubaliano yale ya mwezi Machi hayatekelezwi. Hapo ndipo inapogundulika kwamba flashi iliyokuwa ikihifadhiwa kwenye droo ina nyaraka zote za ofisi isipokuwa barua.

Hilo lina sababu yake. Anayesoma barua zake za Gmail kwenye simu hapotezi kitu kompyuta ikifa, kwa kuwa barua zenyewe ziko kwenye seva, mbali. Lakini ofisi nyingi, shule, parokia na vyama vya ushirika hutumia programu ya barua iliyowekwa ndani ya kompyuta, kama Outlook au Thunderbird, na programu hizo hupokea barua kwa njia mbili zinazotofautiana sana. Njia ya kwanza, POP, ilibuniwa mwaka 1984. Yenyewe huzishusha barua kutoka kwenye seva, huziweka kwenye diski, kisha huzifuta kule zilikotoka, ama papo hapo ama baada ya siku kadhaa. Kwenye Outlook muda uliozoeleka ni siku 14. Njia ya pili, IMAP, ilibuniwa na Mark Crispin akiwa Stanford mwaka 1986, na huziacha barua kwenye seva huku kompyuta ikibaki na taswira yake tu.

Huko Gonja, Usangi au Jipe, ambako mtandao hupanda na kushuka na bando hununuliwa kwa hesabu, POP ina faida ya wazi. Barua ikishashushwa, hata mtandao ukipotea kutwa nzima, itasomwa, itajibiwa, na jibu litasubiri kwenye foleni hadi mawasiliano yarudi. Gharama yake ni kwamba nakala ya barua hiyo duniani inabaki moja, kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja yenye vumbi.

Masijala haikuwahi kufanya kazi hivyo. Barua ya ofisi ilikuwa na kumbukumbu namba juu kushoto, nakala yake iliingia kwenye jalada, na jalada lilikuwa na mtunzaji aliyejua liko kabati gani. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kwa takribani miaka 20 iliyofuata kumbukumbu za ofisi zilibaki kuwa karatasi, kaboni na kabati. Hata Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 inajengwa juu ya wazo hilohilo, kwamba maandishi ya ofisi ya umma yana mwenye dhamana. Programu ya barua ilipoingia, barua zilihama kutoka kabatini na kuingia kwenye folda ambayo Windows yenyewe huificha, na mara nyingi hakuna aliyekabidhiwa ulinzi wake.

Wapare wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same kupinga kodi ya mbiru, mgogoro uliowasumbua wakoloni kuliko walivyotarajia. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, alichapisha kitabu kuhusu mgogoro huo mwaka 1971, zaidi ya miaka 25 baadaye. Aliweza kwa sababu wazee walikuwepo wa kusimulia, na kwa sababu majalada yalikuwepo ya kufunguliwa. Leo mipango ya skimu za umwagiliaji, bei za tangawizi ya Mamba, na mabishano ya mipaka na hifadhi ya Mkomazi hupita kwenye barua pepe. Nani atayafungua majalada hayo mwaka 2050?

Sasa turudi kwenye kompyuta iliyokufa, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zinazoamua mengi. Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kwa nia njema: kompyuta inapelekwa kwa fundi, na fundi anaambiwa tu kwamba haiwaki. Fundi atafanya anachofanya kila siku, atapiga Windows upya. Kompyuta itarudi ikiwa safi na yenye kasi, na barua za miaka minane zitakuwa zimefutwa au kufunikwa. Mwenye kompyuta anapaswa kutamka mapema, tena kwa maandishi kama inawezekana, kwamba diski isiguswe kabla ya vilivyomo kutolewa.

Mara nyingi diski yenyewe ni nzima. Kilichoungua ni kifaa cha kupokea umeme au ubao mkuu, na fundi akiichomoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, mafaili yote yanaonekana. Ikiwa Windows tu ndiyo iliyoharibika, njia ni hiyohiyo. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ikianza kugonga tik-tik, hapo mambo ni mazito: kila dakika inayozidi kuwaka inaweza kuongeza madhara, na ni heri izimwe na kupelekwa kwa mtaalamu wa kuokoa data. Diski za kisasa, zile zisizo na sehemu inayozunguka, hazitoi onyo la sauti, na data iliyofutwa humo huweza kusafishwa na diski yenyewe ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo tumaini la kurudisha kilichofutwa ni dogo zaidi huko.

Diski ikisomeka, swali linakuwa barua ziko wapi. Kwa Thunderbird, ziko ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye folda iliyofichwa ya AppData, kisha Roaming, kisha Thunderbird, kisha Profiles. Humo kuna folda yenye jina la ajabu, herufi na tarakimu nane zisizo na maana, na hiyo ndiyo roho ya kila kitu: barua, anwani, mipangilio ya akaunti, hata maneno ya siri, ambayo hukaa kwenye mafaili mawili yanayohitajiana, logins.json na key4.db. Inachukuliwa folda nzima, si vipande. Kwa Outlook, kinachotafutwa ni faili lenye kiambishi PST, ambalo kwenye matoleo ya karibuni hukaa ndani ya Documents na kwenye ya zamani lilifichwa AppData. Likikutwa lenye kiambishi OST, hiyo ni taswira tu ya kilichoko kwenye seva, na kwa kawaida halifunguki likihamishiwa kompyuta nyingine. Barua zitashushwa upya kutoka kwenye seva.

Hapa flashi huwaangusha wengi. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia ukubwa wa GB 4. Thunderbird kwa kawaida huweka barua zote za kikasha kimoja ndani ya faili moja, na Outlook vivyo hivyo, kwa hiyo ofisi yenye barua za miaka kumi huweza kuwa na faili la GB 6. Flashi ya GB 32 italikataa huku ikionyesha kuwa ina nafasi tele, na mtu atadhani flashi ni mbovu. Dawa ni kuipangilia upya kwa exFAT au NTFS ikiwa bado tupu, au kutumia diski ya nje.

Kunakili kufanyike programu ikiwa imefungwa. Nakala iliyochukuliwa huku barua zinaingia huweza kukatwa katikati, na kasoro yake haionekani mpaka siku inapohitajika.

Kurejesha kwenye kompyuta mpya kuna utaratibu wake, na hatua ya kwanza huonekana ya kijinga mpaka mtu aumizwe nayo: zima mtandao. Chomoa modemu, zima Wi-Fi. Sababu ni IMAP. Programu inayotumia IMAP hulinganisha kilichoko kwenye kompyuta na kilichoko kwenye seva, na seva ndiyo yenye neno la mwisho. Ikiwa barua zilifutwa kwenye seva, kwa makosa au na mtu aliyeiba neno la siri, basi nakala ya mwezi uliopita ikifunguliwa mtandao ukiwa hewani, programu itatii seva na kuzifuta barua zilezile zilizokuwa zimeokolewa. Mtandao ukiwa umezimwa, folda ya zamani inawekwa mahali pake, programu inafunguliwa, na barua muhimu zinanakiliwa kwenye folda za ndani ya kompyuta, ambazo seva haina mamlaka nazo. Baada ya hapo ndipo mtandao uwashwe.

Toleo la programu nalo lina uzito. Thunderbird ya leo hukataa kufungua folda iliyowahi kutumiwa na toleo jipya kuliko lenyewe, kwa hiyo isakinishwe ya toleo lilelile au la mbele yake. Mafaili madogo yenye kiambishi msf ni faharasa tu. Yakileta mkanganyiko, barua zikaonekana hazipo, yanafutwa na programu huyajenga upya yenyewe. Na mtumiaji wa POP asitaharuki akikuta baadhi ya barua zimejirudia mara mbili. Programu imesahau zipi ilikwisha kuzishusha. Kufuta zilizozidi ni kazi ya jioni moja.

Kisha inakuja nywila. Tangu Mei 30, 2022, Google iliacha kuruhusu programu za zamani zinazoingia Gmail kwa jina na neno la siri pekee, hivyo programu iliyorejeshwa kutoka nakala ya mwaka 2019 itagonga mlango na kukataliwa hata kama kila kitu kingine kimerudi sawasawa. Mwenye akaunti ataombwa kuthibitisha kupitia simu. Kama namba iliyosajiliwa ilikuwa ya katibu aliyekwisha kuhama, au laini iliyofungwa Januari 2020 zilipozimwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, ofisi itabaki nje ya sanduku lake yenyewe. Namba na barua pepe za kurejesha akaunti zinastahili kukaguliwa leo, wakati kompyuta ni nzima.

Wapo wanaosema yote haya yamepitwa na wakati, kwamba mambo yako kwenye wingu na wingu halifi. Februari 27, 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua masanduku yao wakakuta matupu. Google yenyewe ilieleza kwamba walioathirika walikuwa asilimia 0.02 ya watumiaji, na kwamba kasoro katika programu mpya ya kuhifadhi iliharibu nakala zaidi ya moja kwa mpigo, ingawa nakala hizo zilikuwa katika vituo tofauti. Barua zilirejeshwa kutoka kwenye tepu, tepu za sumaku zilizokuwa hazijaunganishwa na mtandao wowote na kwa hiyo kasoro haikuzifikia. Na wingu lenyewe linafikiwa kwa waya: Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya.

Kwa hiyo nakala isiyounganishwa na kitu chochote bado ina kazi. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh inataka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Upareni umbali huo haukosekani: diski moja ikikaa ofisini Same na nyingine nyumbani Suji au Mbaga, moto au mwizi mmoja hawezi kuzichukua zote. Hata Ziwa Jipe, ambalo mpaka hupita katikati yake, ni mfano mzuri. Kenya na Tanzania zilitia saini mwaka 2013 makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maziwa ya Chala na Jipe na Mto Umba, na ushirikiano wa namna hiyo huzaa barua za kwenda na kurudi kuhusu vipimo vya maji, magugu na wavuvi, zikiwa na nakala pande zote mbili. Upande mmoja ukipoteza, unaweza kuomba kwa mwenzake. Barua za ndani ya ofisi moja hazina mwenzake wa kuombwa.

Nafasi nzuri ya kuipima nakala imejitokeza yenyewe. Microsoft ilimaliza huduma za kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na ofisi nyingi zinanunua kompyuta mpya. Kuhamisha barua kwenda kompyuta mpya ni kazi ileile ya kurejesha baada ya ajali, tofauti ni kwamba ile ya zamani bado inawaka na inaweza kuulizwa. Barua zirejeshwe kutoka kwenye diski ya akiba badala ya kuvutwa moja kwa moja kutoka kompyuta ya zamani, kisha idadi ya barua katika kila folda ilinganishwe kwenye skrini mbili, na viambatisho vichache vya miaka ya nyuma vifunguliwe. Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kupigwa Windows kabla ya idadi hizo kulingana.