Butembo na Beni: Mbele ya kununua volani ya PlayStation, hakikisha konsoli yako inaikubali

Kijana aliyezoea kucheza michezo ya magari kwa maneti anapoona volani ya kweli, yenye pedali zake chini, anatamani kuwa nayo. Mwenye chumba cha michezo ya video naye anaiona kuwa njia ya kuvuta wateja. Lakini volani hizi ni ghali: Logitech G29, moja ya zile zinazojulikana zaidi, ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa karibu dola 400 za Kimarekani. Kwa familia au biashara ndogo ya Butembo ao Beni, hiyo si pesa ya kujaribisha.

Tatizo kubwa si bei tu. Kuna volani ambazo ni nzima kabisa, lakini ukizichomeka kwenye konsoli hazifanyi kitu.

Kwanza, tofauti kati ya volani na volani. Zile za bei ndogo zina kamba ya mpira ao springi ndani. Ukikunja, mpira unarudisha usukani katikati, basi. Barabara ikiwa kavu ao yenye matope, mkono hausikii tofauti. Sanasana usukani unatetemeka kidogo. Thrustmaster T80 na Hori Apex ni za aina hiyo.

Aina ya pili ndiyo ile inayorudisha nguvu. Kwenye boksi huandikwa kwa Kifaransa «retour de force». Ndani mwake mna mota. Konsoli inapiga hesabu ya nguvu zinazogusa matairi ya gari la kwenye mchezo, kisha inaamuru mota ivute usukani kushoto ao kuume. Gari likiingia kona kwa kasi, usukani unakuwa mzito. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, unakuwa mwepesi ghafla, na mchezaji anajua mbele macho hayajaona. G29 hutumia mota mbili na gia. T300 ya Thrustmaster hutumia mikanda, ndiyo maana inavuta kwa ulaini zaidi. Za bei kubwa zaidi zinafunga usukani moja kwa moja kwenye mota, bila gia wala mkanda.

Sasa swali la konsoli. G29 inafanya kazi kwenye PlayStation na kompyuta, lakini Xbox inaikataa. Ndugu yake G920, inayofanana nayo sana kwa umbo, ni ya Xbox na kompyuta, PlayStation haiitambui. Mnunuzi anayeangalia picha tu kwenye simu anaweza kuchanganya hizo mbili kwa urahisi.

Hata ndani ya PlayStation yenyewe, mlango haufunguki kwa wote. Volani za zamani kama Logitech G27 na Driving Force GT zilipendwa sana kwenye PS3. PS4 ilipotoka mwaka 2013, haikuzitambua. Waliokuwa nazo walilazimika kubaki na PS3, kuzitumia kwenye kompyuta, ao kununua nyingine. Hii ndiyo hatari kwa anayenunua vitu vilivyokwisha kutumika: muuzaji anaweza kusema kweli kwamba volani ni nzima, na bado isifae kwa konsoli ya nyumbani.

Tena, si konsoli peke yake inayoamua. Mchezo wenyewe unapaswa kuitambua volani. Gran Turismo 7, iliyotoka mwaka 2022 kwa PS4 na PS5, inaikubali G29. Lakini sehemu kubwa ya mchezo huo inadai intaneti. Mwezi wa tatu 2022, matengenezo ya seva yaliufunga kwa zaidi ya saa 30 duniani kote. Anayetegemea mega za simu afikiri hilo vilevile.

Wapenzi wa barabara za udongo wana mchezo unaowagusa karibu. WRC 9, iliyotoka mwaka 2020, ilileta Safari Rally ya Kenya kwenye konsoli mwaka mmoja mbele mashindano hayo yarudi katika ubingwa wa dunia huko Naivasha, mwaka 2021. Vumbi, mawe na mashimo ni mambo ambayo dereva wa Kivu ya Kaskazini hahitaji kufundishwa, na hapo ndipo usukani wenye mota unaonyesha faida yake.

Jambo lingine ni umeme. Volani yenye mota inadai umeme wake yenyewe, mbali na ule wa konsoli. G29 ina adapta yake. Adapta ikipotea, nguvu yote ya kuvuta inapotea. Soma maandishi yake: ikiandikwa 100-240V, inafaa kwa umeme wetu wa 220V, ikiandikwa 110V ao 120V tu, itaungua. Kwa wanaotumia jenereta, stabilizateri ni ya lazima.

Kuna njia rahisi ya kupima mbele ya kulipa. Chomeka umeme na konsoli, kisha ondoa mikono. Volani nzima yenye mota hujizungusha yenyewe kushoto na kuume, halafu inasimama katikati. Isipojizungusha, huenda adapta haifanyi kazi ao mota imekufa. Muuzaji akikataa kuiwasha, rudi nyumbani na pesa yako. Bidhaa iliyoagizwa Dubai ao China na kupitia Kasindi hairudishwi kwa urahisi. Gharama ya kuirudisha inaweza kumeza faida yote.

Je, volani inafundisha kuendesha gari? Inasaidia mikono. Mwingereza Jann Mardenborough alishinda mwaka 2011 shindano la GT Academy la Nissan na PlayStation, na mwaka 2013 akaendesha gari la kweli Le Mans. Lakini kati ya mchezo na mbio alipitia mazoezi makali kwenye magari ya kweli. Mchezo haufundishi kumngojea mtoto anayevuka njia, wala kubadilisha upande wa barabara pale Kasindi, unapotoka Uganda wanakoendesha kushoto na kuingia Kongo tunakoendesha kuume.

Kwa mwenye chumba cha michezo, hesabu ni hii: jina kamili la volani, aina ya konsoli, jina la mchezo, adapta, na meza nzito ya mbao, kwa sababu mota ikivuta, meza ya plastiki inahama. Kimoja kikikosekana, ni afadhali kubaki na maneti mbili nzuri.