Plagi Hueleza Hali ya Injini

Pikipiki inapozimika usiku katika barabara ya mpakani, mara nyingi taa yake ya mbele huzimika nayo, na malori yako nyuma. Dalili za hitilafu huweza kuonekana mapema kwenye plagi.

Ikague baada ya mwendo wa kawaida, si baada ya injini kunguruma muda mrefu mahali pamoja, kwani masizi ya hapo hupotosha. Acha injini ipoe, futa mchanga, kisha fungua plagi kwa spana yake na utazame ncha:

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini i salama.

Masizi makavu meusi: petroli ni nyingi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa na kabureta.

Weusi wenye utelezi wa oili: ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa. Fundi atazamwe mapema.

Weupe wenye malengelenge: injini yapata joto kupita kiasi, pengine kwa hewa inayopenya penye ufa. Usiendelee na safari ndefu.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huleta masizi, na hugongesha injini. Kwa hiyo jihadhari na petroli ya madumu isiyojulikana itokako.

Unaporudisha plagi, anza kwa mkono, ndipo ukaze kwa spana bila kutumia nguvu nyingi. Abiria amekukabidhi maisha yake. Kagua chombo kabla ya giza kuingia.