Tarumbeta Hufunzwa kwa Sauti Ndogo

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita)

Nimepata barua ya kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam anayepiga tarumbeta katika vikundi vile vinavyopanda magari ya wazi siku za Jumamosi kusindikiza maharusi. Analalamika kwamba sauti za juu zinamkimbia. Asubuhi anazipata bila taabu, lakini ikifika saa 10 jioni, wakati ndipo shughuli imepamba moto, akipuliza unatoka upepo mtupu. Kiongozi wake amemwambia aongeze mazoezi, tena ya nguvu. Ameongeza kwa miezi miwili na hali imezidi kuharibika. Sasa ameambiwa kwamba asipojirekebisha atatafutwa mwingine. Anauliza: je, midomo yangu imekwisha?

Haijaisha, kijana. Lakini unaimaliza.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata mimi. Nilikuwa na miaka 17, napiga katika bendi ya kanisa kule kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Walutheri walirithi desturi ya matarumbeta kwa wamisionari wa Kijerumani. Sikukuu moja ya Krismasi tulipiga siku tatu mfululizo, ibada na arusi, na mimi nilikuwa nashindana na wenzangu nani atasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Siku ya tatu, mbele ya bibi arusi na wazee wote, nilinyanyua tarumbeta na halikulia. Mdomo wa juu ulikuwa umekufa ganzi kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino. Watu walicheka. Nilirudi nyumbani kwa njia ya migombani nisikutane na mtu.

Mzee mmoja aliyekuwa amestaafu bendi ya jeshi aliniita kwake. Alikuwa na kuku anaatamia pembeni mwa banda. Akaniambia, "Mwanangu, piga hapa, lakini kuku huyu asinyanyuke." Nilidhani ananidhihaki. Nilijaribu, sauti haikutoka. Nikaongeza nguvu, ikaripuka kama honi ya lori, na kuku akaruka. Yule mzee akasema, "Umeona? Wewe hujui kupiga tarumbeta. Unajua kulipigia kelele."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa sababu yake. Tarumbeta lenyewe halina sauti. Ni bomba la shaba lililokunjwa, ambalo likinyooshwa lina urefu wa karibu mita moja na nusu. Kinachotoa sauti ni midomo ya mpigaji. Upepo ukipita katikati yake, midomo hufunguka na kufunga upesi sana; kwa ile noti ya la inayotumiwa kupatanisha ala, ni mara 440 kwa sekunde moja. Mtikisiko huo hukimbia ndani ya bomba mpaka kwenye ncha yake pana, na sehemu yake hurudi nyuma na kuitikisa tena midomo kwa wakati wake, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Bembea ikisukumwa kwa wakati wake haihitaji nguvu.

Basi midomo iliyokutana sawasawa, bila kubanwa, huitikia upepo mdogo sana. Iliyobanwa haitikisiki mpaka upepo uilazimishe. Apigaye kwa kishindo hawezi kujua yake ni ipi, kwa sababu nguvu inaficha kosa. Akichoka, hukandamiza kile kikombe cha chuma mdomoni ili apate sauti ya juu. Nyama hubanwa kati ya chuma na meno, damu haipiti vizuri, ganzi inaingia, naye anakandamiza zaidi. Hata Louis Armstrong, katikati ya miaka ya 1930, alilazimika kuweka tarumbeta chini kwa miezi kadhaa kwa ajili ya mdomo ulioumia.

Wala jambo hili si siri ya mzee wangu peke yake. Herbert L. Clarke, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mpiga koneti mashuhuri katika bendi ya John Philip Sousa. Mwaka 1912 alitoa kitabu cha mazoezi ambacho wapiga tarumbeta wanakitumia hata leo. Mazoezi yake ya kwanza hupanda na kushuka nusu toni kwa nusu toni, toka chini kabisa, na alitaka yapigwe kwa sauti ndogo mno, zoezi moja likirudiwa mara 8 hadi 16 kwa pumzi moja. Jaribu kufanya hivyo kwa kishindo uone kama pumzi itafika mara ya tatu!

Sasa kijana wangu, fanya hivi. Asubuhi, kabla ya kugusa wimbo wowote, vuta pumzi mpaka tumboni, kisha pitisha upepo ndani ya tarumbeta bila sauti. Usianze kwa kugonga ulimi. Endelea kupuliza taratibu mpaka midomo ishike yenyewe noti ya sol ya katikati. Ishike kwa sekunde 10, ndogo kama uko chumbani na mtoto aliyelala. Pumzika muda ule ule uliopiga. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea, wanaona kupumzika ni uvivu. Kisha shuka nusu toni, na nyingine, mpaka chini. Kupanda juu kuje baadaye, noti moja moja. Sauti ikikatika usibane wala usikandamize; legeza, anza tena kwa upepo. Dakika 15 zinatosha.

Tahadhari moja. Sauti ndogo si pumzi legelege. Wako wanaofunga koo na kubinya midomo ili wasisikike, na hao wanajifunza kosa jipya. Upepo uwe mdogo lakini usisimame, kama maji ya mfereji mwembamba. Wala sisemi arusi ipigwe kwa kunong'ona; watu wamelipa wasikie. Ukiwa garini piga, lakini acha wenzako wapokee, usibebe wimbo wote peke yako.

Mimi nilichukua karibu miezi minne kabla ya kuku yule, au tuseme mwenzake, kuacha kuruka. Kiongozi wako huenda asikubali kungoja hivyo. Mwombe akupe sauti ya pili kwa muda. Ni ya chini, na mshahara, natumaini, ni ule ule.

Ama kuhusu swali lako la mwisho, mafuta ya nazi usiyatie kwenye valvu. Asubuhi ya baridi huganda, na valvu zitakwama.