Flashi ya studio ikitoa moshi, usimalizie foleni

Leo naomba tuongee kuhusu kitu ambacho sisi wapiga picha wa Tarime na kule Mugumu tunakichukulia poa sana: zile flashi kubwa za studio.

Nina sababu. Desemba moja nilikuwa namsaidia kaka mmoja mwenye studio Tarime mjini. Watu wa likizo, maharusi, foleni mpaka barazani. Mchana nikasikia harufu kama ya nailoni inayoungua, halafu kamoshi kembamba kakatoka juu ya sofboksi. Nikasema, "Kaka, hii inatoa moshi." Akanijibu, "Malizia hao watatu kwanza." Nikamalizia wawili. Wa tatu alikuwa mama na mtoto mgongoni. Kabla sijabonyeza, kitambaa kikashika moto. Tukachomoa waya, wote tukatoka salama, ila pazia la nyuma liliteketea. Chumba kina mlango mmoja jamani!

Joto linatoka wapi? Ndani ya flashi kuna kapasita, inayokusanya umeme kidogo kidogo na kuutoa wote kwa mpigo kwenye tyubu ya kioo yenye gesi ya zenoni. Ukipiga jouli 400 kila baada ya sekunde 2, ni sawa na wati 200 mfululizo, na sehemu kubwa inageuka joto. Ongeza ile taa inayowaka muda wote ili uone kivuli kinaangukia wapi. Nyingi za zamani ni halojeni za wati 150 hadi 250. Sasa funika yote hayo kwa kitambaa, feni imejaa vumbi letu jekundu. Unategemea nini?

Zamani moshi ulikuwa kawaida. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za simba usiku huku kaskazini mwa nchi yetu na kutoa kitabu chake mwaka 1905, alitumia unga wa magnesiamu unaolipuka. Ule unga lazima utoe moshi, ndivyo unavyofanya kazi. Flashi ya umeme haitakiwi kutoa moshi hata kidogo. Ukiuona, kuna kitu kinaungua.

Kinaweza kuwa vumbi tu, hasa kama flashi imekaa kabatini muda mrefu. Inaweza kuwa kitambaa au selotepu imegusa taa. Ikiwa harufu ni ya plastiki au kemikali, huenda kapasita au kifaa kingine cha ndani kinakufa. Vyovyote iwavyo, zima kwanza, uchunguzi baadaye.

Mambo ninayoyafuata siku hizi:

1. Taa ya halojeni naizima wateja wakipungua, na sofboksi naacha matundu yake wazi. Sifuniki flashi kwa kanga eti kupunguza mwanga.

2. Napiga kwa nguvu ndogo, nasogeza flashi karibu na mtu. Nikipiga mfululizo, naipumzisha.

3. Balbu na tyubu sigusi kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanaacha alama, kioo kinapata joto hapo na kinaweza kupasuka. Na nasubiri kipoe.

4. Umeme ukikatika, nachomoa. Fyuzi ikiungua naweka ya kiwango kilekile, siyo kuzungushia waya au karatasi ya sigara.

5. Sifungui flashi. Kapasita inabaki na mamia ya volti hata ukishachomoa, na inaweza kukuua. Wadogo zangu mnaojifunza ufundi redio, hii si redio!

6. Iliyokaa miezi mingi bila kutumika, naiwasha kwa nguvu ndogo kabisa kwa muda, nikiwa hapohapo, ndipo niongeze.

Moto ukitokea, toa watu kwanza. Kata umeme kwenye swichi kubwa, usimwage maji. Mchanga mkavu au kizimamoto cha unga au cha gesi vinafaa kama moto bado mdogo. Umekushinda? Toka nje, piga 114, Zimamoto.

Najua tatizo ni njaa. Mteja akiondoka, hela imeondoka. Lakini yule mama angeweza kurudi kesho kwa picha yake. Mimi ndiye niliyebonyeza mara mbili baada ya kuona moshi, na mpaka leo linanikaa.

Wadau mnaotumia hizi mashine, nanyi tupeni uzoefu wenu.