Kriki inaposhuka yenyewe: maonyo ambayo shofa na wasafiri wasiyapuuze

Mvua zikianza kunyesha kusini mwa Maniema, barabara kati ya Kasongo na Kabambare inageuka udongo mwekundu unaonata na mashimo yanayoshika gari mpaka ekseli. Hapo kila mtu anauliza jambo moja: kriki iko wapi? Bila jeki ya mafuta, ambayo wengi wetu tunaiita kriki, mgonjwa hafiki hospitalini, na wajumbe wa mkutano wanalala njiani.

Kifaa hicho kinachookoa safari kinaweza pia kuua. Mara nyingi anayeingia chini ya gari ni kijana msaidizi wa shofa, tena anaingia kwa sababu wenye safari wana haraka. Kwa hiyo inafaa sisi sote, hata tusiojua ufundi, tuelewe kriki inafanya kazi namna gani na inatoa onyo namna gani.

Namna inavyoinua

Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662, alieleza kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo unaenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hati ya kulinda mashine yake ya kugandamiza iliyotumia kanuni hiyo.

Ndani ya kriki kuna pistoni mbili, ndogo na kubwa. Tuseme ndogo ina eneo la sentimita 1 ya mraba, na kubwa ina sentimita 10 za mraba. Ukisukuma ile ndogo kwa uzito wa kilo 100, ile kubwa inainua karibu kilo 1,000. Lakini inapanda sehemu moja tu ya kumi ya mwendo wa ile ndogo, ndiyo maana tunapampu mara nyingi. Mzigo wote unashikiliwa na mafuta, raba zinazoyazuia, na vali ndogo. Raba ikichakaa au uchafu ukikaa kwenye vali, mafuta yanapita na gari linashuka.

Wenzetu wenye kengele

Huko Marekani kuna magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, ambayo watu husafiri na kuishi humo. Wakiegesha, miguu ya chuma inayosukumwa na mafuta inashuka na kulisawazisha gari. Shofa akitoa breki ya mkono kabla miguu hiyo haijarudi juu kabisa, taa inawaka na kengele inalia.

Kengele hiyo inaweza kulia kwa sababu kadhaa. Pengine mguu kweli haujarudi, kwa sababu mafuta yamepungua, springi imelegea, au chuma kina tope na kutu. Pengine mguu umerudi, lakini swichi inayoutazama imechafuka, waya umeliwa na kutu, au betri ni dhaifu. Fundi mwenye akili hafuati mpangilio wa kinyume. Kwanza anatoka nje kuutazama mguu wenyewe kwa macho. Pili anaangalia mafuta. Tatu anaangalia betri, nyaya na swichi. Anayeanza kwa kukata waya wa kengele amenyamazisha sauti tu. Mguu ukiwa bado chini, utavunjika gari likiondoka.

Kriki yetu haina kengele

Kriki tunayobeba chini ya kiti haina taa wala sauti. Ishara zake ndizo kengele yake, na ishara zenyewe ni hizi:

Ukipampu na haipandi kabisa, kwanza angalia kama skrubu ya kushushia imefungwa vizuri. Ikiwa imefungwa, huenda mafuta ni machache au mzigo umezidi nguvu yake. Soma uzito ulioandikwa kwenye kriki. Usirefushe mkono wake kwa bomba ili kuilazimisha.

Ikipanda mpaka nusu na kukwama, mara nyingi mafuta yamepungua. Shusha pistoni mpaka chini, simamisha kriki mahali pa sawa, fungua kizibo cha ubavuni, na ongeza mafuta mpaka yafike ukingo wa chini wa tundu.

Ikiwa mkono unabonyea kwa ulaini na kriki inapanda kwa kurukaruka, hewa imeingia ndani. Ondoa mzigo, fungua skrubu ya kushushia, pampu mara kadhaa, ufunge, kisha ujaribu tena.

Ikipanda vizuri halafu ishuke polepole yenyewe, hiyo ndiyo ishara mbaya kuliko zote. Raba zimechoka au vali ina uchafu. Kriki hiyo iende kwa fundi. Isirudishwe chini ya kiti kwa maneno ya “itatufikisha tu.”

Kuhusu mafuta, kosa moja limeenea: kujaza chochote kilicho karibu. Kriki inataka mafuta ya haidroliki. Mafuta ya breki yanaharibu raba zake. Na kinyume chake pia ni kweli: mafuta ya kriki au ya injini yakiingia kwenye breki, raba za breki zinavimba, na gari linaweza kukosa breki kwenye mteremko. Chupa mbili zinazofanana, zisizoandikwa jina, ni hatari iliyofichwa ndani ya gari.

Taa nyekundu na sauti ya lori

Magari yetu yana maonyo mengine yanayostahili utaratibu uleule. Taa nyekundu ya breki ikiwaka, angalia kwanza kama breki ya mkono imeachiliwa kabisa. Kisha fungua boneti uone kiwango cha mafuta ya breki. Mafuta hushuka kidogo kidogo pedi zinavyolika. Yakishuka ghafula, kuna mahali yanavuja, na kuongeza tu hakutoshi. Swichi na waya ni vya mwisho kushukiwa.

Lori lenye breki za upepo hutoa sauti kali upepo ukipungua, kwa kawaida kwenye bari 4 hadi 5. Asubuhi baada ya kuwasha injini, sauti hiyo hunyamaza upepo ukijaa. Ikilia safarini, shofa asimame mahali salama, maana upepo huo ndio unaofanya breki zishike.

Nani aseme “hatuendi”?

Utaratibu wa kuinua gari haubadiliki. Wasafiri washuke. Gari liwekwe gia, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe au kabari mbele na nyuma. Kwenye tope, chini ya kriki uwekwe ubao mpana na mnene, usije ukazama upande mmoja. Gari likiinuka, magogo imara yawekwe chini ya fremu, kisha lishushwe kidogo mpaka likae juu yake. Kazi ya kriki ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya magogo. Mtu asiingize kichwa wala mkono chini ya gari linalosimama juu ya kriki peke yake.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi: magogo mawili, ubao, kabari, na chupa za mafuta zilizoandikwa majina. Kilicho kigumu zaidi ni mamlaka. Shofa anaona taa, lakini nyuma yake ameketi mkubwa anayetazama saa. Ninaomba kila kamati yenye gari iamue wazi, mbele ya wote, kwamba shofa akisema “hatuendi,” hakuna mchungaji, mzee wala mgeni wa kumpinga.

Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza mjenzi azungushe ukuta mdogo kwenye dari ya nyumba yake, ili mtu asianguke na damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Gogo chini ya fremu ni ukuta wa namna hiyo. Kijana anayelala kwenye tope ili sisi tufike ana mama anayemngojea nyumbani.