Ndege Nyuki Ikipotea: Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kuitafuta

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, saa moja ya usiku wa manane inaweza kuamua chakula cha kaya kwa mwaka mzima. Kundi la tembo likishaingia katika shamba la mahindi au mtama, kinachobaki asubuhi ni mabua yaliyolala. Ndiyo maana ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wananchi huziita ndege nyuki au droni, zimepata nafasi katika kazi ya kuwarudisha tembo porini. Kati ya mwaka 2015 na 2016, askari wa wanyamapori walizijaribu katika ikolojia za Tarangire–Manyara na Serengeti, na tembo walipousikia mlio wake waliondoka mashambani. Mlio huo hufanana na wa kundi la nyuki, na tembo huogopa nyuki.

Tembo si sababu pekee ya vyombo hivi kuonekana angani. Wapimaji ardhi huvitumia kuchora ramani, na wapiga picha huvitumia katika harusi na sherehe. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly na kuendesha nyumba salama katika wilaya za Serengeti na Butiama, limetumia ramani za kidijitali na ndege nyuki katika juhudi za kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Chombo kama hicho kikipotea, hasara haiishii kwenye bei yake. Kijiji hubaki bila mlinzi usiku unaofuata. Kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani huweza kuwa na picha za nyumba na watu ambao usalama wao unategemea kutojulikana walipo. Betri yake, ikiwa imepasuka, huweza kuwasha nyasi kavu. Aidha, mwenye chombo, kwa hamu ya kukipata, huweza kujikuta ndani ya hifadhi au ng'ambo ya mpaka bila kibali. Kwa hiyo kifaa cha kufuatilia ni sehemu ya chombo chenyewe, na kinapaswa kuchaguliwa kabla ya safari ya kwanza.

Kwa nini ndege nyuki hupotea

Ndege nyuki nyingi ndogo hukaa angani kwa muda wa dakika 20 hadi 30 tu. Upepo ukiwa wa mbele wakati wa kurudi, betri huisha kabla ya kufika. Kilima kikikaa kati ya chombo na mwendeshaji, mawasiliano hukatika. Vyombo vingi vimetengenezwa kurudi vyenyewe mahali viliporukia mawasiliano yanapokatika, lakini vikirudi kwa kimo cha chini huweza kugonga mti au mlima. Katika nyanda za juu za Tarime hatari hiyo ni ya kila siku.

Programu iliyomo kwenye simu ya mwendeshaji huhifadhi mahali pa mwisho chombo kilipoonekana, na huo ndio msaada wa kwanza. Hata hivyo, mahali pa mwisho pa kuonekana si lazima pawe mahali pa kuanguka. Chombo kilichopoteza mawasiliano kikiwa kimo cha mita 100 huweza kusukumwa na upepo umbali mrefu kabla ya kutua.

Swali la kwanza: kitaangukia wapi?

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kifaa kipi ni cha kisasa zaidi au kipi ni cha bei nafuu. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: ndege nyuki hii, ikianguka, itaangukia wapi? Kifaa kinachofanya kazi vizuri katika mji wa Tarime huweza kunyamaza kabisa katika bonde la Mto Mara. Aina kuu zilizopo ni tano, na kila moja ina mahali pake.

Aina ya kwanza ni kifaa cha GPS chenye laini ya simu. Kifaa hiki husoma mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti, kisha hutuma namba za mahali hapo kwa ujumbe mfupi au kupitia intaneti. Mahali pa wazi, kosa lake huwa mita chache tu. Kinafaa mijini, kandokando ya barabara kuu na popote penye mnara wa simu. Kisipopata mtandao hakisemi lolote, hata kama kinajua kilipo. Kasoro inayosahaulika zaidi ni ndogo mno: salio au bando likiisha, kifaa hunyamaza. Kwa kuwa kila laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole, kikundi kinachonunua kifaa hiki kiamue mapema laini itasajiliwa kwa jina la nani na nani atakuwa na wajibu wa kuiongezea salio.

Wakazi wa Sirari na vijiji vingine vya mpakani wana jambo la ziada la kuzingatia. Simu za maeneo hayo mara nyingi hudaka minara ya Kenya. Kifaa cha kufuatilia hufanya vivyo hivyo, na huduma ya nje ya nchi isipokuwa imewashwa katika laini hiyo, ujumbe hautafika.

Aina ya pili ni kisambaza mawimbi ya redio. Kifaa hiki hakihitaji mnara wala setilaiti. Hutoa mlio wa redio kila baada ya muda mfupi, na mtafutaji huushika kwa kipokezi chenye antena inayoelekezwa. Mlio ukiongezeka nguvu, mtafutaji anajua anaelekea kwenye chombo. Njia hii ina historia ndefu nchini: mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Iain Douglas-Hamilton aliwafunga tembo wa Ziwa Manyara kola za redio ili kujua wanakokwenda. Kwa vijiji vinavyopakana na pori, ambako minara ni michache, hii ni njia ya kutegemewa. Inadai mazoezi, kwa sababu vilima hurudisha mawimbi na kumdanganya mtafutaji asiyezoea. Inashauriwa kupanda mahali pa juu kwanza, kuelekeza antena pande zote, kisha kupima tena kutoka sehemu ya pili. Mistari miwili ya mwelekeo inapokutana ndipo pa kuanzia.

Aina ya tatu ni kitufe cha Bluetooth, kama AirTag iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2021. Kina uzito wa gramu 11 na betri yake ndogo ya duara hudumu takribani mwaka mmoja, hivyo wengi hukipenda. Lakini chenyewe hakina GPS. Hutegemea simu za Apple za watu wanaopita karibu ili zitoe taarifa ya mahali kilipo. Katika kituo cha mabasi chenye watu wengi, hilo huwezekana. Katika shamba la mtama karibu na mpaka wa hifadhi, ambako anayepita usiku ni fisi, kitufe hicho hakitaonekana kwa yeyote.

Aina ya nne ni kifaa cha setilaiti, ambacho hupokea na pia kutuma taarifa kupitia setilaiti bila kuhitaji mnara wa simu. Hufanya kazi karibu popote penye anga wazi. Gharama yake ni kubwa, kwani huambatana na ada ya huduma, na uzito wake huwa mzigo kwa ndege nyuki ndogo. Hufaa taasisi zenye vyombo vikubwa vinavyoruka mbali.

Aina ya tano ni kengele ya sauti. Hii haimwambii mtafutaji kijiji wala kitongoji. Humsaidia katika hatua za mwisho tu. Umuhimu wake huonekana pale GPS inapomfikisha mtu kwenye shamba la mahindi yaliyomzidi kimo au katikati ya migomba, naye akapita hatua tatu kutoka kwenye chombo bila kukiona. Kengele yenye uzito wa gramu chache, inayoanza kulia yenyewe umeme wa chombo unapokatika, humaliza kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, kwa watumiaji wengi wa wilaya hizi mbili jibu bora ni vifaa viwili vidogo vinavyosaidiana. Penye mtandao wa simu, GPS yenye laini pamoja na kengele. Pasipo na mtandao, kisambaza mawimbi ya redio pamoja na kengele.

Uzito na betri

Kila gramu inayoongezwa hupunguza muda wa chombo angani. Ndege nyuki yenye uzito usiofika gramu 250 huweza kuyumba ikibebeshwa kifaa cha gramu 50. Mnunuzi apime uzito wa kifaa pamoja na kifungio chake, kisha arushe chombo kwa kimo kidogo kwanza.

Jambo la pili ni betri. Kifaa kinachonyonya umeme wa ndege nyuki yenyewe hufa pamoja nayo, kwa kuwa betri kubwa mara nyingi huchomoka chombo kinapogonga ardhi. Kifaa cha kufuatilia lazima kiwe na betri yake. Idumu angalau siku mbili, kwa sababu chombo kilichopotea usiku huenda kisitafutwe hadi kesho yake mchana, kwa usalama wa watafutaji.

Kifaa kifungwe sehemu ya juu, mbali na dira na antena ya chombo, ili kione anga na kisiingilie mawasiliano. Ikumbukwe pia kwamba mawimbi haya hayapenyi maji. Chombo kilichozama katika Mto Mara au katika ardhioevu yake hakitatoa taarifa, na mto huo una mamba na viboko. Hakuna picha wala mashine inayostahili kumwingiza mtu humo.

Jaribio kabla ya kukiamini

Kifaa kijaribiwe ardhini kabla ya kurushwa. Mtu mmoja akifiche katika shamba umbali wa nusu kilomita, na mwingine akitafute bila kuelekezwa. Jaribio lifanyike mahali penye kazi halisi: palepale tembo wanapopita au palepale ramani itakapochorwa. Lifanyike mchana, kisha lirudiwe jioni.

Mtafutaji ajifunze pia kusoma namba za mahali. Kwa miji ya Tarime na Mugumu, namba ya kwanza huanza na 1, ikiwa na alama ya kutoa kwa kuwa eneo liko kusini mwa ikweta. Ya pili huanza na 34. Kifaa kikionyesha sifuri na sifuri, bado hakijapata setilaiti. Kikionyesha saa ya jana, taarifa hiyo ni ya jana.

Chombo kikianguka pasipoingilika

Kujua chombo kilipo si ruhusa ya kukifuata. Kikianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mwenye chombo awasiliane na kituo cha askari wa TANAPA kilicho karibu. Kikianguka katika mapori ya akiba, taarifa ipelekwe kwa askari wa wanyamapori wanaosimamia pori husika. Kwa wananchi wa kata kama Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha, ambako mashamba na hifadhi vinapakana, hatua hii huepusha mwananchi kuonekana mvamizi. Kikiangukia ndani ya uzio wa mgodi wa North Mara, Nyamongo, taarifa itolewe langoni, uzio usirukwe. Kikivuka mpaka, taarifa itolewe polisi Sirari kabla ya mtu yeyote kuvuka kukitafuta.

Taarifa hizo hupokelewa vizuri chombo kikiwa na nyaraka zake. Ndege nyuki husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kuirusha kunahitaji kibali. Nambari ya usajili na ya simu ya mmiliki zibandikwe juu ya chombo.

Mwananchi akikiokota

Mara nyingi anayekiona chombo kwanza ni mchunga ng'ombe au mtoto anayetoka shule. Si bomu, wala si mali isiyo na mwenyewe. Watoto wazuiwe kukichezea. Betri iliyovimba au inayotoa moshi isiguswe wala kutobolewa, na nyasi zilizo karibu ziondolewe. Chombo kisicho na hatari kipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, na mahali kilipookotwa paelezwe.

Kadi ya kumbukumbu isitolewe, na picha zisitazamwe wala kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za watu, na picha ya mtu ni mojawapo. Kwa msichana aliyekimbilia nyumba salama, picha moja iliyosambazwa inaweza kuwafikisha mlangoni wale aliowakimbia.

Vikundi vya wakulima, wapiga picha na taasisi zinazotumia ndege nyuki wanahimizwa kupitia vifaa vyao kabla ya msimu wa mavuno, kuhakiki salio la laini na betri, na kufanya jaribio la shambani. Anayejua chombo chake kitaangukia wapi amekwisha kujua kifaa cha kukitafutia.