Mwashi wa Mautuma na Lango la Chuo

Hivi majuzi nilikuwa Mautuma, huko Lugari katika Kaunti ya Kakamega, ambako jamaa yangu anajenga nyumba. Wakati wa mapumziko mmoja wa waashi alijitenga chini ya mti, akafungua kitabu cha historia kisicho na jalada. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwa upole: "Mzee, mimi nilifaulu darasa la nane mwaka 1995. Kilichonishinda ni karo."

Hapo nilimkumbuka mwashi mwingine. Mwaka huohuo wa tisini na tano, lakini karne moja kabla, Thomas Hardy wa Uingereza alichapisha riwaya yake Jude the Obscure. Hardy mwenyewe alikuwa mwana wa mwashi na hakupata kusoma chuo kikuu. Mhusika wake, Jude Fawley, ni yatima anayejifunza Kilatini huku akiendesha mkokoteni wa mikate. Baadaye anahamia Christminster, mji uliofinyangwa kwa sura ya Oxford, na kutengeneza mawe ya kuta asizoruhusiwa kusomea ndani yake. Anawaandikia barua wakuu watano wa vyuo. Mmoja tu ndiye anayejibu, na ushauri wake ni kwamba kijana abaki na kazi yake ya mikono. Usiku ule Jude anaandika kwa chaki kwenye ukuta wa chuo aya ya Kitabu cha Ayubu, akidai kwamba yeye naye ana akili.

Je, sisi tumelifungua lango hilo? Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu iliundwa kwa sheria mwaka ule ule wa 1995, lakini ingemfaa nini kijana aliyekwama mlangoni mwa shule ya upili? Serikali ilianza kulipia masomo ya upili mwaka 2008, miaka kumi na mitatu baada yake. Kila nafuu ilifika akiwa amekwisha kupita.

Wapo watakaosema kuwa wenye digrii wanazurura mijini bila ajira, ilhali mwashi anakula jasho lake. Ni kweli, wala sidharau kazi ya mikono. Hata hivyo, ushauri huo hatuwapi watoto wa matajiri. Kumheshimu fundi ni jambo moja. Kumwambia kwamba elimu si ya watu wa aina yake ni jambo jingine kabisa.

Sheria inamruhusu mtu mzima kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Lakini ruhusa bila mwalimu ni sawa na mlango usio na ngazi. Isitoshe, mfumo wa 8-4-4 unafikia ukingoni. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Nionavyo mimi, shule zetu za vijijini zifungue madarasa jioni, na kaunti ziwalipe walimu wa kuwafundisha watu hawa kabla wakati haujawapita mara ya pili.

Mwashi yule amejenga madarasa mengi. Tulipoagana hakuniomba pesa. Aliuliza tu kama ninacho kitabu kinachofuatia kile. Nitampelekea.